Kaptula za pedi kwa safari ndefu za baiskeli: nene au nyembamba? Bagamoyo imenishinda

#1 MtuWaTegeta
Wakuu, habari za jioni.

Naendesha baiskeli ya barabarani tangu mwezi wa tatu. Tegeta hadi Mwenge na kurudi sina shida kabisa. Shida ni Bagamoyo. Jumamosi tumetoka saa kumi na moja alfajiri, Bunju tukapita vizuri, Mapinga vizuri, tulipoiacha Kerege nikaanza kusikia moto chini. Nikikaa naungua, nikisimama kwenye pedeli miguu inachoka. Kufika Bagamoyo wenzangu wamekaa kwenye benchi la mama ntilie wanakunywa supu, mimi chai nimeinywa nimesimama. Kurudi nimelipia nafasi kwenye Noah, baiskeli juu ya keria.

Kaptula ni mpya, nimeinunua Kariakoo 45,000. Pedi yake, ile sponji ya kukalia iliyoshonwa ndani, ni nene, kaptula ukiiweka mezani inasimama yenyewe. Muuzaji alisema kadiri pedi inavyokuwa nene ndivyo mtu anavyokaa muda mrefu. Ndani nilivaa boksa ya pamba, safi, laini.

Swali: nitafute yenye pedi nene zaidi, au tatizo ni siti? Na hizi za mikanda ya mabegani zina faida gani? Mwezi ujao wenzangu wanapanga Chalinze na mimi nataka kwenda.

#2 SpokoSaba
Boksa? Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe. Kaptula ya pedi inavaliwa bila kitu ndani. Boksa ina mishono inayokutana palepale unapokalia, halafu pamba ikishanyonya jasho haikauki, inabaki imelowa inakusugua. Piga hesabu: pedeli mara 80 kwa dakika, saa mbili na nusu ni mizunguko 12,000. Mshono mdogo ukikupitia mara 12,000 ni msasa.

#3 MtuWaTegeta
12,000! Sasa bila kitu ndani nitashukaje sokoni mbele za watu?

#4 SpokoSaba
Chukua bukta nyepesi ya kuchezea mpira, ikunje, weka mfuko wa nyuma wa jezi. Ukishuka unaivaa juu, ukipanda unaivua. Bagamoyo ni mji wa watu wenye heshima zao, hakuna haja ya kuwapitishia taiti.

#5 KimaraMwisho
Boksa ni sehemu tu. Mimi sivai kitu ndani mwaka wa pili huu na bado nilikuwa nachubuka hadi nilipoteremsha siti. Siti ikiwa juu sana, kila pedeli inapofika chini nyonga inainama kuifuata, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Hapo hata ukivaa pedi ya hariri utasuguliwa. Kipimo rahisi: egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kushuka. Ikikubidi ujinyooshe kuifikia, shusha siti. Mwambie mwenzako akae nyuma yako njiani akutazame kiuno kama kinacheza.

#6 CherehaniMoja
Nashona Ilala, na kaptula hizi zinakuja kwangu sana kurekebishwa. Tatu zilizokufa nimezipasua kwa wembe nione zina nini ndani, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho.

Ya kwanza, ya bei ya chini, nene kama yako: ndani kipande kimoja cha sponji, laini kama ile ya kuoshea vyombo, unene uleule kuanzia mbele hadi nyuma. Katikati mshono umepita wima, kisha ukingo wote umekunjwa na kushonwa zigizaga. Ule ukingo ukiupitishia kidole unasikia tuta. Hilo tuta linakaa kwenye mkunjo wa paja. Ulisikia moto wapi mkuu, chini kabisa au pembeni kwenye mikunjo?

Ya pili na ya tatu zilikuwa za wazungu, zilizochakaa. Ndani sponji mbili tatu zimepandana. Chini ya mifupa miwili ya makalio kuna kipande kigumu kuliko nilivyotarajia, unakibonyeza kwa dole gumba kinarudi polepole. Mbele ni nyembamba, pembeni inapungua hadi inaisha kama karatasi, hakuna tuta. Katikati kuna mfereji. Mshono wa wima haupo, kitambaa cha juu ni kipande kimoja kilichokandamizwa kwa joto kikachukua umbo.

Kwa hiyo muuzaji wako hakukwambia kitu cha kweli. Sponji laini na nene unaikalia, mifupa inazama hadi chini kama haipo, halafu nyama laini ya katikati ndiyo inabaki kubeba uzito. Ukiwa dukani bonyeza kwa dole gumba, hesabu hadi kumi, achia. Kidole kikigusa upande wa pili, rudisha.

#7 MtuWaTegeta
Fundi, pembeni kwenye mikunjo ndiko kulikochubuka. Chini kabisa kulikuwa na maumivu ya aina nyingine, kama kukalia jiwe. Nimeigeuza sasa hivi, mshono wa katikati upo na tuta lipo pande zote mbili.

#8 CherehaniMoja
Basi una matatizo mawili, usiyachanganye. Kuchubuka ni msuguano. Jiwe ni mgandamizo.

#9 AsaliYaSikonge
Vijana shikamooni hamsemi, mnaanza na boksa.

Mimi nimeendesha Phoenix kutoka Sikonge hadi Tabora mjini na madebe mawili ya asali nyuma, miaka na miaka. Suruali ya kitambaa, basi. Sikuwahi kusikia habari ya pedi wala mfereji. Nadhani tatizo ni kuanza ukubwani. Mwili haujazoea. Endelea kila siku kidogo kidogo, ngozi itakomaa.

#10 KimaraMwisho
Shikamoo mzee wetu. Nakubali mwili unazoea, lakini Phoenix si mwenzake wa hizi. Kwenye Phoenix unakaa wima, uzito wote umeshuka kwenye makalio mawili, na siti yake ni pana, ya ngozi, ina springi mbili kubwa chini. Hizi za barabarani unainama hadi kidevu kinaelekea usukani, nyonga inalala mbele, siti ni nyembamba kama mkono na haina springi.

#11 AsaliYaSikonge
Marahaba. Hilo la springi ni kweli, zilikuwa zinalia njia nzima. Lakini kuzoea nasimamia palepale.

#12 NesiWaZamu
Mzee wangu, naomba niongezee kwa heshima. Kinachozoea ni misuli, na ile mifupa inaacha kuuma baada ya wiki mbili tatu za kuendesha. Ngozi iliyochubuka haikomai kwa kuendelea kusuguliwa. Inafunguka, vijidudu vinaingia kwenye vishimo vya vinyweleo, unapata vipele, kimojawapo kinakuwa jipu. Nimeshahudumia kijana aliyeendelea kuendesha juu ya jipu kwa wiki nzima, ikabidi lipasuliwe.

MtuWaTegeta: usipande baiskeli mpaka pakauke. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, kausha kwa kupapasa, usisugue. Ukimaliza safari vua kaptula hapohapo, usikae nayo imelowa unapiga soga. Kaptula moja, safari moja, kisha ifuliwe. Na huko chini usinyoe kwa wembe kabla ya safari, vinyweleo vikirudi vinaota kwa ndani. Ukiona uvimbe wenye joto, au homa, nenda hospitali.

Je, kuna ganzi yoyote?

#13 MtuWaTegeta
Ilikuwepo kidogo, mbele, nikadhani ni kawaida.

#14 NesiWaZamu
Si kawaida, na wanaume wengi wanaificha. Kuna mshipa wa fahamu unapita kwenye msamba, siti ikiubana unapata ganzi. Ukisikia, simama kwenye pedeli mara moja, na usiizoee. Pua ya siti ikiwa imeinuka juu, ilaze iwe sawa na ardhi.

#15 MbioZaIten
Wadau, nawasalimu kutoka Eldoret. Nyinyi watu wa Dar mnaongea juu ya mpya tu, na kwa mitumba kuna mali safi. Mimi kaptula zangu zote ni za Gikomba, soko la mitumba kule Nairobi, na moja ni ya mikanda, nilipata kwa bei ya chakula cha mchana. Lakini uangalie hivi: shika kitambaa cha paja kwa mikono miwili, kivute mbele ya mwanga. Ukiona vinyuzi vidogo vyeupe vimekatika, lastiki imekufa, wacha. Kaptula ambayo lastiki imekufa haishiki mwili, na pedi inatembea peke yake huku wewe ukitembea peke yako. Hapo ndipo kuchubuka kunatoka, si unene.

Kitu kingine, usijipime ukiwa umesimama wima kwa kioo. Ukisimama, kaptula nzuri inakuvuta mabega mbele na pedi inahisi vibaya, kama nepi. Inama kama umeshika usukani. Ikitulia hapo, ndiyo hiyo. Ikikaa vizuri ukisimama, ukiinama itajikunja.

Kuhusu mikanda: inashikilia pedi mahali pake, na hakuna lastiki ya kukata tumbo. Ukishazoea huwezi rudi.

#16 SpokoSaba
Mkuu wa Eldoret, nguo iliyokaa juu ya ngozi ya mtu mwingine sehemu ile kwa saa nyingi, unaivaa?

#17 MbioZaIten
Nachemsha maji, nachovya, naanika. Bado niko hai.

#18 CherehaniMoja
Maji ya kuchemka ndiyo yanayoua lastiki na kuachanisha gundi ya sponji. Maji ya kawaida, sabuni, suuza sana, na ianikwe kivulini pedi ikiwa nje. Na jua letu hili likimaliza siku nzima juu ya laikra, hiki kitambaa kinachovutika, kinachoka.

#19 BintiWaKiungani
Assalaam alaykum. Nami nichangie kutoka Unguja, maana naona wanaozungumza karibu wote ni wanaume.

Mimi nnapanda baskeli ya mbio mjini mpaka Nungwi na wenzangu watatu. Stara kwetu ni lazima, na mwanzo ndiyo iliyokuwa ikinitesa: nilivaa taiti ya pedi, juu yake sketi pana. Ile sketi ikawa inajikusanya baina ya siti na pedi, mkunjo mmoja tu, basi ukifika Mkwajuni umekwisha. Tena sketi na mnyororo si marafiki. Sasa nnavaa taiti ndefu ya pedi mpaka kwenye vifundo vya miguu, na juu yake kanzu fupi iliyopasuliwa pande mbili, ya magotini. Nikikaa ile ya nyuma naiacha ianguke nyuma ya siti, siikalii. Hapo raha.

Jambo la pili, pedi za wanaume wanawake tusinunue kwa kuwa rahisi. Mifupa yetu ya kukalia kwa kawaida imeachana zaidi, basi kile kipande kigumu cha pedi ya kiume kinakaa ndani ya mifupa badala ya chini yake. Ya kike ni pana nyuma na fupi mbele. Niliendesha mwaka mzima na ya kaka yangu nikifikiri mimi ndiye dhaifu.

Na hiyo mikanda mnayoisifu, ukitaka kwenda haja lazima uvue jezi yote. Njiani hakuna pa kufanya hivyo. Mimi sitaki.

Na dawa ya kulainishia nguo msitie, inaacha utando, kitambaa hakinyonyi jasho tena.

#20 NesiWaZamu
Waalaykum salaam dada. Asante sana kwa hilo la pedi ya kike, nimelihifadhi.

#21 DarajaLaUtrecht
Nipo masomoni Uholanzi, huku watu wanaendesha na suti. Kabla hujanunua chochote pima mifupa yako. Kata kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, lile la televisheni, kiweke juu ya stuli ngumu. Kikalie na nguo nyepesi, inama mbele kama unaendesha, inua visigino kidogo, hesabu dakika moja. Ukisimama utaona vishimo viwili. Pima kutoka kitovu cha kimoja hadi cha kingine. Wengi ni kati ya sentimita 10 na 14. Siti yako inatakiwa iwe pana kuliko kipimo hicho kwa sentimita mbili tatu hivi. Ikiwa mifupa inaning'inia nje ya siti, kaptula ya milioni haitakusaidia.

Kwa hiyo mimi nasema siti kwanza, kaptula baadaye.

#22 MbioZaIten
Sikubali. Siti ileile, kaptula mbili tofauti, moja nimetoka nayo Eldoret hadi Iten na kurudi bila neno, nyingine imenichuna nusu ya njia. Siti ingekuwa shida, zote zingeniumiza.

#23 DarajaLaUtrecht
Na mimi kaptula ileile, siti mbili tofauti, hadithi ileile. Labda vinakwenda kwa jozi.

#24 KimaraMwisho
Iten kuna baridi. Njoo uendeshe Kibaha saa nne asubuhi, jasho linashuka mgongoni linaishia kwenye pedi. Hapa Pwani pedi nene inakuwa taulo lililolowa. Ndiyo maana mimi napenda nyembamba inayokauka, hata kama mifupa italalamika kidogo.

#25 MkulimaWaMiguu
Mnasahau kitu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali. Wanaume walikwenda zaidi ya kilomita 260 milimani, mshindi Pogačar saa sita na zaidi juu ya siti, na siti zile ngumu kama ubao. Mbona hawakunywa chai wamesimama?

#26 SpokoSaba
Kwa sababu hawakai! Mtu mwenye nguvu akikandamiza pedeli, mguu unambeba, anaigusa siti tu. Sisi tukichoka tunaacha kukandamiza, tunajimwaga kama gunia. Ndiyo maana MtuWaTegeta hadi Mapinga alikuwa mzima: miguu ilikuwa bado inafanya kazi.

#27 MtuWaTegeta
Hii imenigusa. Kweli baada ya Mapinga nilikuwa nazungusha tu, gia nyepesi.

#28 MkulimaWaMiguu
Girmay wa Eritrea aliposhinda siku tatu kwenye Tour de France ya 2024 na kuvaa jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, hadi mwisho, nililia sebuleni. Watoto wakadhani kuna msiba. Tunaomba na Mtanzania siku moja.

#29 MbioZaIten
Na Froome alizaliwa Nairobi, akaanzia kwa kocha Kinjah pale Kikuyu. Sisi tunahesabu mataji yake manne ya Tour de France.

#30 SpokoSaba
Manne ya Tour aliyachukua akiwa na bendera ya Uingereza, ndugu. Turudi kwenye kaptula.

#31 JichoLaPedeli
Hakuna aliyetaja mafuta. Mimi napaka mafuta ya mgando mikunjoni na sijawahi kuchubuka. Wazungu bado wanaiita pedi kwa jina la ngozi, shamua, na jina hilo wanalitia kwenye kila kitu, hadi krimu. Zamani pedi ilikuwa ngozi ya kondoo kwelikweli.

#32 DarajaLaUtrecht
Kondoo ilikuja baadaye. Jina ni la mnyama, chamois, ndiyo hiyo shamua, wa milimani Ulaya, yuko kati ya mbuzi na swala. Ngozi yake laini ndiyo iliyoshonwa ndani ya kaptula za sufu. Ikifuliwa ilikauka ikakakamaa, hivyo waliipaka mafuta kuilainisha. Krimu ilianza kwa ajili ya ngozi ya mnyama, ikahamia kwenye ngozi ya mtu. Laikra iliingia kwenye kaptula miaka ya 1970.

#33 CherehaniMoja
Mafuta ya mgando yanaziba sponji na hayatoki kwa kufua. Nimepasua moja iliyojaa, ndani inanata kama gundi. Nazi nayo inaacha harufu ya kuchacha.

#34 BintiWaKiungani
Mafuta ya nazi ukiyapaka mwilini kidogo, ukayaacha yakaingia kabla hujavaa, hayachachi. Nnatumia tangu mwaka juzi. Ukiyamwaga kwenye pedi kama unakaanga samaki, hapo sawa.

#35 NesiWaZamu
Poda tu msipake, watu wangu. Ikikutana na jasho inakuwa donge, na donge linasugua.

#36 MtuWaTegeta
Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu.

Nimepumzika siku tisa pakakauka. Siti nimeishusha kidole kimoja, pua nimeilaza. Boksi la televisheni limenipa sentimita 12 na nusu, siti yangu ina 14 na nusu, kwa hiyo upana unatosha. Karume kwenye mitumba nimepata kaptula ya mikanda, lastiki hai, pedi nyembamba ngumu yenye mfereji, haina mshono wa katikati. 18,000. Ile nene nimeiweka kabatini.

Jumamosi nimekwenda Bagamoyo na kurudi na baiskeli yangu, bila kitu ndani. Kila dakika kumi nilisimama nikahesabu hadi thelathini. Benchi la mama ntilie nimekaa, nimemaliza supu na chapati mbili. Mikunjo haijachubuka hata kidogo, ganzi hakuna.

Lakini wakati wa kurudi, kama kilomita ya 70, upande wa kushoto pekee umeanza kuuma kwenye mfupa. Kulia hakuna kitu. Nimekomea hapo. Chalinze ni Jumapili ijayo.

#37 SpokoSaba
Upande mmoja? Mguu mmoja mfupi. Watu wengi wanao na hawajui.

#38 KimaraMwisho
Au siti imepinda. Funga uzi kutoka pua hadi nyuma, utazame kama unafuata bomba la fremu.

#39 MbioZaIten
Kaptula ya mitumba, mwenyewe wa kwanza alikuwa anakalia upande mmoja. Sponji imelala kushoto. Nunua nyingine, 18,000 si pesa.

#40 CherehaniMoja
Igeuze, ikunje katikati kwa urefu, mikanda ikutane. Ukingo wa pedi wa kushoto na wa kulia vinatakiwa vilale pamoja. Kisha bonyeza vile vipande vigumu kimoja kimoja. Tuma picha.

#41 MtuWaTegeta
Fundi, nimekunja. Kushoto imezidi nusu kidole. Kubonyeza, zote mbili zinarudi sawa. Uzi wa siti nimefunga, uko sawa. Lakini nimeona kitu kingine nilipokuwa nimeinama: soli ya kiatu cha kushoto imelika upande wa nje, cha kulia kizima.

Ilala unafungua saa ngapi?